Vyombo ni vya Nani? Muziki wa Laivu Kasulu na Kibondo

Mhadhara kwa walimu, viongozi wa kwaya na wananchi, Kasulu



Kamati iliyoandaa mhadhara huu iliniandikia nizungumzie utunzaji wa muziki wetu. Mada hiyo ni pana mno kwa saa moja, nami nimeibana. Nitazungumzia muziki wa laivu tu, yaani mpigaji na msikilizaji wakiwa chumba kimoja au ua mmoja. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba muziki huo hauuawi na redio, wala simu, wala hawa vijana wa DJ tunaowalaumu kila harusi. Unakufa mpigaji anapokosa vitu vitatu: chombo, mahali pa kupigia, na ujira. Tukivipata vitatu hivyo, mengine yatakuja yenyewe.

Nazungumza kama mpenzi wa bluzi. Naona mwalimu wangu pale mbele anacheka. Hapana, mwalimu, sisemi zile nyimbo za polepole ambazo DJ wa disko alikuwa akizisubirisha mpaka saa sita usiku ili wenye wachumba wasogeleane. Nasema bluzi ya Mississippi: mtu na gitaa lake, anaimba mstari, anaurudia, kisha anaujibu kwa mstari wa tatu, huku gitaa likimalizia pale sauti ilipokatika. Nimeusikiliza muziki huo kwa miaka mingi, na ndio ulionifundisha kuuliza maswali ninayoyaleta leo.

Hoja ya kwanza: watu waliotoka kwao kwenda kulima mali ya wengine

Niondoe kwanza jambo moja njiani. Sisemi bluzi imetoka huku kwetu Buha. Misafara iliyopita Ujiji ilielekea pwani, Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi. Mababu wa waimbaji wa Mississippi walitoka zaidi Afrika Magharibi na ile ya Kati. Marehemu Ali Farka Touré wa Niafunké, Mali, aliposema anasikia nyumbani kwao ndani ya bluzi, alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sisi tukidai hivyo tutakuwa tunajipendekeza.

Ila tunafanana kwa hali. Bluzi ilianza kusikika mwishoni mwa karne ya 19, miongoni mwa Wamarekani weusi wa mashamba ya pamba. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria, lakini mkulima alilima ardhi ya tajiri, akakopeshwa mbegu na unga katika duka la tajiri huyohuyo, na msimu ulipokwisha daftari lilionyesha kwamba bado anadaiwa. Jumamosi usiku alikwenda kwenye kibanda cha mbao penye pombe na gitaa, akacheza hadi miguu ikafa ganzi.

Sasa wazee, niambieni kama hamkuwahi kusikia jambo la aina hiyo. Tangu miaka ya 1920 vijana wa Kasulu na Kibondo walitoka hapa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, lakini mpaka uifikie ilikubidi utembee. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa moja ya sehemu walizozitegemea sana. Kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na asipomaliza sehemu yake siku hiyo haikuhesabiwa. Karibu kila ukoo wa nyanda hizi una babu aliyekuwa manamba, yaani kibarua wa mkonge, na zipo koo ambazo babu huyo hakurudi, hadi leo wajukuu zake wako Korogwe au Muheza.

Kama hali zilifanana, kwa nini kule ilizaliwa biashara ya muziki iliyoenea dunia nzima, na huku nyimbo za mkonge zikabaki vinywani mwa wazee wachache? Watu hupenda kujibu kwamba wenzetu wana kipaji zaidi. Jibu langu ni jingine, na nitalieleza kwa mtu mmoja.

Mwaka 1941 watafiti Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walifika shamba la Stovall karibu na mji wa Clarksdale wakamrekodi dereva wa trekta aliyeitwa Muddy Waters. Miaka miwili baadaye dereva huyo alipanda treni kwenda Chicago. Kule alikuta viwanda vilivyolipa mshahara kila wiki, baa zilizojaa watu wa kwao waliotangulia, na kelele ambazo gitaa lake la mbao halikuweza kuzishinda. Akahamia gitaa la umeme. Wengi wanasema bluzi ya mjini ilitokana na ubunifu wake, nami sikatai, lakini tazameni mazingira: umeme ulikuwepo, baa ilikuwepo, na mteja alikuwa na hela mfukoni Ijumaa jioni.

Manamba wetu alirudi nyumbani pasipokuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Alirudi na baiskeli, blanketi na nyimbo kichwani. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma ya kuhamishia watu katika vijiji, na majirani waliozoea kupiga ngoma pamoja wakajikuta kila mmoja kwenye barabara yake mpya. Waliobaki mjini ndio waliopata nafasi. Western Jazz iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959 na watu wa magharibi ya nchi hii, na jina lenyewe linasema wametoka wapi. Marehemu Shem Karenga, mtunzi wa "Dada Asha", alianzia Kigoma, akapata jina Tabora. Muziki wa magharibi uling'ara pale ulipokuta ukumbi.

Hoja ya pili: muziki usiovuka mlango

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye moyo wa mhadhara wangu.

Baadhi yenu mnaijua inanga. Kwa vijana ambao hawajaiona: ni ubao mmoja wa mti uliochimbwa katikati kama hori la kunyweshea ng'ombe, urefu wake unakaribia mita. Uzi wake ni mmoja tu, ila unapitishwa kwenye meno ya ubao kutoka ncha hii hadi ile, ukaenda na kurudi, mpaka unakuwa kama nyuzi nane au zaidi. Zamani ulikuwa mshipa wa ng'ombe. Mzee mmoja wa Kibondo, ambaye hakunipa ruhusa ya kumtaja, ametumia waya wa breki ya baiskeli. Aliufumua, akachagua uzi mmoja mwembamba, akaunyoosha kwa kuuzungusha kwenye nguzo ya banda lake.

Kwa majirani zetu Warundi kuna namna moja ya kuimba na inanga ambayo watu wa Ulaya waliposikia rekodi zake, zilizotolewa Ufaransa miaka ya 1960, hawakujua waiweke kundi gani. Mwimbaji haimbi. Ananong'ona. Koo lake halitoi sauti kabisa, ni pumzi tu na maneno. Sasa, mnong'ono hauna juu wala chini, haubebi tuni. Lakini Kirundi, kama Kiha chetu, ni lugha ambayo neno moja likipanda au kushuka linageuka neno jingine. Basi nani anabeba kupanda na kushuka huko? Inanga. Nyuzi zinatoa tuni, mdomo unatoa maneno, na sikio lako linaviunganisha mpaka unaapa kwamba mzee anaimba kwa sauti nzito. Mtafiti Cornelia Fales aliliandikia jambo hili katika jarida la Ethnomusicology mwaka 2002, akaonyesha kwamba sauti ile ya kuimba haimo kooni wala haimo kwenye uzi. Inatengenezwa kichwani mwa anayesikiliza.

Wanafunzi, lichukueni hilo mwende nalo bwenini. Msikilizaji asipokuwepo, wimbo haujakamilika.

Nilipomsikiliza yule mzee nilikaa umbali wa mkono wake. Nilipojivuta nyuma kidogo ili nimwone vidole, maneno yalipotea, nikabaki na waya unaolia. Kisha mvua ikaanza, na nyumba ile ni ya bati. Alitazama juu, akaiweka inanga ukutani bila kusema lolote, akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Muziki ule uliundwa kwa ajili ya nyumba ya nyasi, ambamo mvua husikika kwa mbali. Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimewapinga wenye bati. Nami nina bati. Ninachosema ni kwamba chumba ni sehemu ya chombo, na ukibadilisha chumba bila kufikiri umeshabadilisha muziki.

Nitaje na akazehe, kwa kifupi tu. Ni salamu ya wanawake wa Burundi wanaokutana baada ya kupoteana kwa muda. Hukumbatiana, mmoja akaanza, mwenzake akajaza kila nafasi anayoiacha, sauti zikipokezana haraka mpaka huwezi kutenganisha ya nani ni ipi. Mtu hawezi kuiimba akiwa peke yake. Unaweza kuirekodi, ndiyo, lakini simu haiwezi kukupokea salamu.

Bluzi ya zamani ilikuwa na tabia hiyohiyo. Sauti iliita, chombo kikajibu, na kibanda kilikuwa kidogo kiasi kwamba mpigaji aliona nani amekasirika na nani amelewa, akabadilisha wimbo kwa kadiri hiyo.

Hoja ya tatu: kanda huhifadhi wimbo, haimhifadhi mpigaji

Ninajua kuna watu humu watasema: basi twendeni na kinasa sauti, tuwarekodi wazee wote kabla hawajatutoka. Twendeni, nitashika maikrofoni. Lakini sikilizeni habari za wazee wawili kwanza.

Mississippi John Hurt alirekodi nyimbo zake mwaka 1928 kwa kampuni ya OKeh. Sahani hazikuuzika, uchumi wa Marekani ukaanguka mwaka uliofuata, naye akarudi kulima kijijini kwake Avalon. Kwa miaka 35 nyimbo zake zilikuwa salama kabisa kwenye sahani za wakusanyaji, wakati mwenyewe akichunga ng'ombe wa watu. Mwaka 1963 kijana aliyeitwa Tom Hoskins alisikia katika wimbo mmoja kwamba kwao ni Avalon, akatafuta ramani, akaenda, akamkuta. Mzee hakuwa na hata gitaa. Mwaka huohuo alipiga mbele ya maelfu ya watu kwenye tamasha la Newport. Akafariki mwaka 1966. Fanyeni hesabu: kati ya kurekodiwa na kufa, ni miaka mitatu tu ya mwisho aliyoishi kama mwanamuziki.

Wa pili ni Son House, aliyemfunza Muddy Waters mengi. Alipatikana mwaka 1964 mjini Rochester, mbali kaskazini, akiwa ameacha kupiga siku nyingi na nyimbo zimemtoka. Kijana wa Kizungu mwenye umri wa miaka 21, Al Wilson, aliyezisoma sahani zake kwa bidii, alikaa naye akamkumbusha nyimbo zake mwenyewe, gitaa kwa gitaa. Rekodi ilisaidia pale, siwezi kuinyima sifa. Ilisaidia kwa sababu alitokea mtu aliyekaa kwenye kiti mbele ya mzee.

Wenyewe Clarksdale wamelielewa hilo. Walianzisha makumbusho ya bluzi mwaka 1979. Mngetarajia iwe nyumba ya magitaa yaliyofungiwa kwenye vioo. Vioo vipo, lakini watoto wa mji hufundishwa humo kupiga baada ya saa za shule. Mmoja wao, Christone Ingram, aliyezaliwa mwaka 1999, sasa anajaza kumbi na ameshinda tuzo ya Grammy. Na mwaka 2001 mwigizaji Morgan Freeman na wenzake walifungua ukumbi wa bluzi mjini hapo, kwa hiyo anayefundishwa mchana anajua kwamba usiku pana mahali pa kwenda kupiga na kulipwa.

Hoja ya nne: vyombo ni vya nani?

Turudi nyumbani. Bendi zilizotukuza sisi wa rika langu zilikuwa na mwenye vyombo. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Mlimani Park ya mwaka 1978 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza yao, JKT yao. Mpigaji alipokea mshahara kama karani, na magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya shirika. Miaka ya 1990 mashirika yalipofilisika au kubinafsishwa, bendi nyingi ziliondoka nayo. Wapigaji walikuwepo, nyimbo zilikuwepo. Waliokosekana ni wenye vyombo. Msondo, yaani NUTA ya zamani, na Sikinde, yaani Mlimani Park, wanaendelea kwa ukaidi ambao naustahi sana.

Huku kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu ya umeme. Kasulu na Kibondo tumeishi kwa majenereta ya dizeli mpaka gridi ya taifa ilipotufikia mwaka 2022. Bendi ya magitaa ya umeme ingepigaje kwa umeme wa namna ile? Ndiyo maana ukitafuta leo muziki wa laivu katika miji hii miwili, unaukuta mahali pamoja tu, nako ni kanisani. Jumapili kuna kinanda, besi, solo, dramu, na watoto wa miaka 14 wanaopiga rumba safi ya Kikongo chini ya maneno ya Zaburi. Wachungaji, msinune, hilo ni sifa. Kanisa ndilo lililonunua vyombo, likavitunza kabatini, likampa mtoto saa mbili za mazoezi kila Jumatano bila kumtoza. Hatuna chuo kingine cha muziki.

Na kwaya inaweza kufika mbali. Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu ilitokana na makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokuja baada ya 1972, kule Tabora. Kanda zao zilipigwa kwenye mabasi ya nchi nzima. Walikuwa watu waliopoteza kila kitu isipokuwa kupokezana sauti.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo zito. Kambi ya Nyarugusu ipo katika wilaya hii tangu 1996, na Kibondo nako ilifunguliwa kambi ya Nduta. Kambini wamo wapigaji wa solo kutoka Kivu Kusini na wapiga ngoma wa Burundi, ngoma ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakae kambini, na anayetoka anahitaji kibali. Kwa hiyo mwenye harusi wa Kasulu anaagiza spika na kompyuta kutoka Kigoma, wakati wapigaji hodari wako jirani na hawaruhusiwi kuvuka kizuizi bila kibali. Siko hapa kujadili sera za wakimbizi, wapo wenye kazi hiyo. Nauliza tu kama kibali cha siku moja, kwa kundi moja, kwa onyesho moja, kimewahi kuombwa. Nimeuliza watu kadhaa. Kila mmoja anadhani kuna mwenzake aliyewahi kuomba.

Vijana wetu wa bongo fleva siwasahau. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliungana wakatoa "Leka Dutigite", mkoa mzima ukasimama. Lakini wakija kwenye tamasha wengi huimba pleibeki, na sababu wanaisema wenyewe: hakuna bendi ya kuwapigia.

Tunakoelekea

Nina mapendekezo machache, na nimeyapanga kwa urahisi wa kuyaanza.

Kwanza, tuanze na kisichohitaji umeme. Jumamosi moja kila mwezi, darasa moja hapa na jingine Kibondo, inanga au likembe, kile chombo cha kupigwa kwa vidole gumba, viti visivyozidi 30. Kiingilio kitozwe, hata kikiwa kidogo, na chote kiende kwa mpigaji siku ileile, mkononi. Tumezoea kuwapa wazee wetu soda na makofi. Tuache. Darasa liwe lenye dari, na msimu wa kwanza uwe wa kiangazi, baada ya kuvuna maharage, wakati watu wana hela na bati limenyamaza.

Pili, vyombo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya bodaboda vimekopa, vya kufyatua matofali vimekopa. Kikundi cha vijana wapiga muziki kilichosajiliwa nacho ni kikundi. Waheshimiwa madiwani, mkiletewa andiko la kununua besi, dramu na spika mbili, msilitupe kwa kudhani ni starehe. Liulizeni maswali mnayowauliza bodaboda: mtarejeshaje, na kwa harusi ngapi kwa mwezi.

Tatu, makanisa yakodishe vyombo vyao siku za katikati ya wiki. Najua pingamizi: leo ni Zaburi, kesho ni baa. Wekeni masharti mnayoyataka. Kodi hiyo itanunua nyuzi mpya, maana nimesikia besi za parokia fulani, sitaitaja, na zinahitaji.

Nne, barua ya kuomba kibali kwa kundi la wapiga ngoma kutoka kambini. Nimeshaiandika rasimu. Inahitaji mwenyeji anayetambulika, ama halmashauri, ama chuo, na ndiyo maana nimeileta mbele ya watu hawa.

Mlangoni katibu ana daftari mbili. Ya kwanza ni ya wanaopiga chombo chochote, hata kama ni filimbi ya kuchungia mbuzi. Ya pili ni ya watakaolipa kiingilio cha miezi mitatu kabla hawajasikia hata noti moja. Watu wa Kibondo waandike na kijiji, ili tujue darasa lao la kwanza liwe wapi. Sasa Mwenyekiti, nadhani kuna mzee kule pembeni ambaye ameinua fimbo muda mrefu, nami niko tayari kumsikiliza.